Niikimbilie serikali au niikimbie?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki hapa Morogoro. Kwa miaka miwili mimi na mwenzangu tumehangaika na kifaa cha kupima unyevu wa mahindi kabla hayajaingia ghalani. Kinaonesha namba kwenye kioo, na tukitaka kinatuma kipimo kwa ujumbe wa simu. Wafanyabiashara wawili wa nafaka wamekijaribu, wamekipenda. Sasa tumefika njia panda. Ofisa mmoja katwambia tuombe ruzuku ya serikali. Mwingine kasema tusiuze hata kimoja mpaka tupate vyeti. Mwenzangu hataki kusikia lolote kati ya hayo: anasema serikali haijawahi kubuni kitu, kazi yake ni kodi na vibali, na kwamba M-Pesa ilifanikiwa kwa sababu serikali ya Kenya ilikaa mbali. Mimi nahofu tukienda wenyewe tutauza vifaa kumi halafu tufunge duka. Niikimbilie serikali au niikimbie?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza swali moja lenye hofu mbili ndani yake. Mkiikimbilia serikali, mnaogopa kuzama kwenye makaratasi mpaka mtaji uishe. Mkiikimbia, mnaogopa kubaki na kifaa kizuri kisicho na soko. Sitakwambia hofu yoyote kati ya hizo ni ya bure, kwa maana nimeona vijana wakiangukia kila upande. Ila kuna jambo moja limewapita nyote wawili: mnaizungumzia serikali kana kwamba ni mtu mmoja aliyekaa ofisi moja. Kwa mbunifu, serikali ni watu kadhaa wasiofanana hata kidogo. Yupo mwenye maabara, yupo mweka viwango, yupo mnunuzi, yupo mkopeshaji, na yupo mkusanya kodi. Wengine watafuteni kesho asubuhi. Wengine wanaweza kusubiri.

Nianze na M-Pesa, maana mwenzako ameishika kama fimbo. Ana ukweli nusu. Ni kweli Benki Kuu ya Kenya ingeweza kuizima kabla haijazaliwa, na haikuizima. Lakini kutokuizima si sawa na kukaa mbali.

Wazo lilitoka Vodafone, Uingereza, kwa Nick Hughes na baadaye Susie Lonie aliyekuja Kenya kulisimamia. Ndani ya kampuni kubwa wazo la namna ile lina kazi ngumu: linapigania fedha zile zile na miradi ya Ulaya yenye faida ya haraka, nani atawekeza kwa ajili ya wakopaji wadogo wa Thika? Kilicholivusha ni mfuko wa serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa iliyoitwa DFID. Mfuko ule ulitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone nayo ikatakiwa kuweka cha kwake. Kwa hiyo fedha ya kwanza iliyokubali kupotea ilikuwa ya walipa kodi.

Majaribio yakaanza Oktoba 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Nia ilikuwa watu walipie mikopo kwa simu. Watu wakakitumia kitu kile walivyotaka wenyewe: wakatumiana fedha. Waandaaji wakawa na busara ya kuwasikiliza, na huduma iliyozinduliwa tarehe 6 Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa nyumbani. Hapo serikali haikuwa na mchango wowote, na ni vizuri tuseme hivyo. Hakuna wizara ambayo ingelitambua jambo lile mezani.

Sasa tazama Safaricom yenyewe, kampuni ya simu inayoendesha M-Pesa. Ilizaliwa ndani ya shirika la umma la posta na simu la Kenya. Vodafone ilipoingia mwaka 2000 ilichukua asilimia 40, na sehemu kubwa zaidi ikabaki mikononi mwa serikali kupitia Telkom Kenya. Serikali iliuza asilimia 25 kwa wananchi mwaka 2008, ikabaki na 35. Yaani siku M-Pesa inaanza, serikali ya Kenya ilikuwa mwenye hisa mkubwa. Hata hao mawakala waliweza kumtambua mteja kwa sababu Mkenya mtu mzima alikuwa na kitambulisho cha taifa mfukoni. Nani alikitoa kitambulisho hicho?

Halafu ni ile Benki Kuu. Hakukuwa na sheria ya fedha za simu wakati ule. Ofisa mwoga angesema: leteni leseni ya benki au nendeni zenu. Wao walitaka kuelewa kwanza fedha za wateja zitakaa wapi. Wakaridhia utaratibu wa kuziweka kwenye akaunti ya amana benki, mbali na fedha za kampuni, kisha wakatoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Mabenki yaliposhtuka kuona watu wanahama, kelele zikapanda, na mwishoni mwa 2008 waziri wa fedha akaagiza huduma ikaguliwe. Ukaguzi ukakuta iko salama, watu wakazidi kuiamini. Sheria kamili ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2011, wakati mamilioni wameshazoea. Kwanza waliruhusu wakiwa macho, wakajifunza, ndipo wakaandika sheria. Kazi hiyo ni nzito kuliko kukataa na ni nzito kuliko kufumba macho.

Kwa nini fedha ya umma inahitajika pale mwanzo kabisa? Si kwa sababu wafanyabiashara ni wavivu. Ni hesabu tu. Anayefyeka njia porini ndiye anayechomwa na miiba, na wanaomfuata hupita bila mkwaruzo. Ukitumia miezi sita kugundua kwamba mahindi ya mbegu fulani yanadanganya kifaa chako yakiwa na joto la jua, gharama ni yako, lakini ujuzi huo ukishatoka nje kila fundi ataufaidi. Mwenye mtaji anaiona hesabu hiyo, anaamua asubiri mwingine afyeke. Wote wakisubiri, njia haifunguki. Mtu pekee anayefaidika hata pale ujuzi unaposambaa kwa wote ni yule anayekusanya kodi kwa wote.

Mwenzako anasema serikali haijawahi kubuni kitu. Mwambie afungue kifaa chenu na atazame kile kipande cheusi chenye miguu mingi, yaani chipu. Vipande vya namna hiyo vilibuniwa na watu wa kampuni binafsi, Jack Kilby wa Texas Instruments mwaka 1958 na Robert Noyce wa Fairchild mwaka 1959. Mpaka hapo mwenzako anashinda. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilikuwa ghali mno, na mtengeneza redio wa kawaida hakuwa na haja navyo. Walionunua kwa wingi ni jeshi la anga la Marekani kwa makombora ya Minuteman, na NASA kwa kompyuta ya chombo cha Apollo. Maagizo yale yalivilazimisha viwanda kujifunza kutengeneza vingi na vizuri, bei ikaporomoka, na ndiyo maana leo wewe unanunua kimoja Kariakoo kwa hela ya chakula cha mchana. Kumbuka neno moja hapo: kununua. Nitalirudia.

Na ramani ya simu inayomwongoza bodaboda wenu mpaka kwa mteja? Setilaiti za GPS inazozitegemea ni za jeshi la Marekani. Mpaka Mei 2000 ishara waliyopewa raia ilikuwa imeharibiwa makusudi isiwe sahihi sana. Serikali yao ikaamua kuacha kuiharibu, na biashara nzima zikaota juu ya uamuzi huo.

Naona sasa unataka kunirukia: basi kama serikali ina uwezo huo, si itengeneze kila kitu yenyewe? Hapana, na mfano wake tunao hapa jirani, katika nchi ile ile ya M-Pesa. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya. Wasomi wale hawakuwa watu wa mchezo. Mwaka 1990 magari machache ya mfano yalioneshwa hadharani, yakaitwa Nyayo Pioneer, na shirika la umma likaundwa la kuyazalisha. Kiwanda hakikuwahi kutoa gari la kuuza. Karakana zilizobaki zikageuzwa kuwa za kuchonga vipuri na mitambo.

Watu hulicheka gari lile. Mimi silicheki, kwa sababu kosa halikuwa kwenye bodi wala kwenye injini. Serikali ilikuwa ndiye mwenye wazo, ndiye mfadhili, ndiye mwenye kiwanda, na ndiye msifiaji. Palikosekana mtu mmoja tu: mnunuzi mwenye haki ya kusema "silitaki, kwa bei hii nitachukua la mtumba la Kijapani." Kwenye majaribio ya M-Pesa wateja waliisema huduma mapema, nayo ikabadilika. Kwa gari la rais nani angefungua mdomo? Hazina ilipokauka hapakuwa na mteja hata mmoja wa kulishikilia. Nchi moja, matokeo mbali kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema serikali inaweza au haiwezi, muulize: ikifanya kazi ipi?

Sitaki pia nikupambie mambo. Serikali inajua kuumiza. Unakumbuka Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza hapa kwetu. Watu waliokuwa wameacha kubeba fedha kwenye bahasha wakarudi kuzibeba. Malalamiko yakawa makubwa, viwango vikapunguzwa mwaka ule ule na tena baadaye. Na kuna ugonjwa wa kudumu zaidi ya kodi, ambao wabunifu wengi huuita roho mbaya: ofisa anayekwambia urudi wiki ijayo. Mara nyingi si roho mbaya. Ofisa akikataa jambo jipya, hakuna atakayemuuliza kwa nini. Akiruhusu likaharibika, jina lake liko kwenye faili. Ukilijua hilo, hutaenda kwake kuomba kibali ukiwa mikono mitupu. Utampelekea karatasi zitakazomlinda siku akiulizwa, yaani vipimo vya maabara, majina ya waliojaribu, na maelezo ya kitakachofanyika kifaa kikikosea.

Turudi Morogoro. Kwa bahati yenu, kifaa mlichobuni kinahusu jambo ambalo serikali tayari ina shauku nalo. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya fangasi wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na tangu hapo wizara ya kilimo haijaacha kuizungumzia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyo hiyo, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Namba hiyo ndiyo iliyowapa nyinyi soko, wala si ufundi wenu peke yake. Bila kiwango, mnunuzi atang'ata punje kwa meno kama babu zetu walivyofanya na kazi itaisha.

Lakini msiandike kwenye boksi kwamba mnapima sumukuvu. Mnapima maji. Mahindi makavu huwanyima fangasi nafasi ya kuendelea, ila mahindi yaliyoingia sumu shambani yatabaki na sumu hata yakikaushwa mpaka yalie kama kokoto. Mkisema zaidi ya mnachopima, ofisa wa kwanza atakayegundua atawafunga, na atakuwa na haki.

Mtu wa kwanza wa kumfuata ni mwenye maabara, si mwenye ruzuku. Mko mji mmoja na Chuo Kikuu cha Sokoine, wengine wangelipa nauli ya siku mbili kufika hapo. Kifaa chenu hakioni maji yenyewe, kinakisia kutokana na jinsi umeme unavyopita kwenye punje, na kisio hilo huyumba kwa joto na kwa aina ya mbegu. Maabara hupima kwa kukausha sampuli kwenye oveni na kulinganisha uzito wa kabla na wa baada. Ombeni sampuli zenu zipimwe kwa njia zote mbili, mahindi makavu, ya wastani na mabichi, ya mbegu tofauti, na mlipie mkitakiwa. Karatasi itakayotoka pale itawafungulia milango kuliko andiko lolote la mradi.

Wa pili ni Wakala wa Vipimo. Mnawajua kwa lumbesa, kwa mizani za buchani na kwa pampu za mafuta. Kipimo kinachoamua bei kati ya muuzaji na mnunuzi ni kazi yao. Nendeni na kifaa mkononi kabla ya kuomba chochote, muulize kinahitaji nini ili kitumike kwenye biashara. Huyu ofisa aliyewaambia msiuze mpaka mpate vyeti hakukosea sana, ila hakuwaambia vyeti vipi na kwa mpangilio gani, na hapo ndipo vijana hupoteza mwaka. Kwa TBS, shirika la viwango, vivyo hivyo: ulizeni kiwango kipi hasa kinahusu kifaa chenu, msitosheke na jibu la "lazima upate TBS."

Ile sehemu ya kutuma ujumbe iwekeni kando kwa sasa. Najua inawapendeza, fundi gani haipendi? Lakini kifaa kinachorusha mawasiliano kinaingia kwenye himaya ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kila mamlaka mnayoongeza ni foleni nyingine. Uzeni kwanza kile kinachoonesha namba kwenye kioo.

Sasa ruzuku. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ipo tangu mwaka 1986 na imewasaidia wengi. Mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019 nayo yamewatoa wabunifu gizani. Ombeni, ila msiisimamishe biashara kusubiri. Nimewahi kukaa kwenye jopo la kuchambua maombi, mahali ambapo sitapataja, na nilichoshuhudia ni vijana hodari wakibadilisha kifaa chao kila mwaka ili kifanane na tangazo jipya la fedha. Baada ya miaka minne walikuwa na vyeti vya ushindi ukutani na hawana mteja. Ruzuku ifae kwa jambo msiloweza kumtoza mteja, kama majaribio ya maabara. Mishahara na kodi ya pango vitokane na mauzo, au na mkopo mnaoujua mtaulipa vipi. Fedha za mikopo za halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao, hazina riba, lakini zinahitaji kikundi kilichosajiliwa na muwe vijana kwa mujibu wa kanuni zao. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza.

Kabla hamjapanda jukwaani kuonesha kifaa, pitieni suala la hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wenu. Anayetangaza ubunifu wake hadharani kabla ya kuwasilisha maombi anaweza kujinyima haki yake mwenyewe. Usajili kwa Tanzania Bara uko BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Hapa naomba usitegemee maneno yangu wala ya mtu wa mtandaoni: keti na wakili anayejua mambo ya hataza, hata kwa saa moja, akwambie kama kifaa chenu kina jipya la kutosha au mtakuwa mnatupa ada. Akiwa hapo hapo awaandikie mkataba kati yako na mwenzako. Nani anamiliki nini, na ikiwa mmoja ataondoka? Urafiki wa miaka miwili ya hasara mara nyingi hauvumilii miezi miwili ya faida.

Nimefika kwenye lile neno nililokwambia nitalirudia. Serikali iliyo na thamani kubwa kwenu ni ile inayonunua. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua mahindi ya wakulima kila msimu, na kwenye vituo vyake mahindi mabichi hukataliwa. Mkulima aliyekodi fuso mpaka kituoni akarudishwa na magunia yake ndiye mteja wenu, na ndiye anayewapa hoja ya kumwambia NFRA: tukiweka vifaa hivi kwenye vyama vya ushirika, mzigo utafika ukiwa umeshapimwa. Maghala ya stakabadhi nayo yana shida ya namna hiyo. Manunuzi ya umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na sheria imetenga sehemu kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Jisajilini mapema. Siwaahidi haraka: serikali hununua polepole na hulipa polepole zaidi, hivyo msikubali oda ya vifaa 300 kama hamwezi kukaa miezi bila kulipwa. Anzeni na chama kimoja cha msingi, vifaa 5, msimu mmoja.

Na wale wafanyabiashara wawili waliokipenda, je, wamekinunua? Hukusema. Waulizeni wiki hii watatoa shilingi ngapi, maana mpaka mmoja wao afungue pochi, mwenzako yuko sahihi kuliko mimi: hakuna ofisi itakayowaokoa.

Siku mkienda Wakala wa Vipimo, mchukue na huyo mwenzako. Abebe ndoo mbili za mahindi, moja makavu, moja ya leo asubuhi kutoka shambani, na ofisa achague mwenyewe ataanza na ipi.